Wikendi Lisbon: mwongozo kamili, kutoka viza hadi dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ipangie kwa kalenda kwanza, ramani baadaye. Kanisa alimozikwa Vasco da Gama huwa na misa Jumapili asubuhi, na watalii husubiri nje. Magofu ya kanisa la Carmo hayafunguliwi Jumapili. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu monasteri ya Jerónimos na makumbusho ya taifa hufungwa kutwa nzima. Anayetua Jumamosi usiku akitegemea kutembea Jumapili na Jumatatu atarudi na picha nyingi za milango. Kwa hiyo wikendi ninayoipanga hapa inaanza Ijumaa mchana na kwisha Jumapili jioni, na kila kitu nimekiweka siku ambayo kiko wazi.

Maelezo mengi ya Lisbon hukupeleka kwenye tramu ya njano, vikeki vya kastadi na machweo ya jua. Vyote hivyo vimo humu. Lakini mji huu ndio uliotuma merikebu zilizofika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na katika makumbusho yake mojawapo kipo chombo kilichotengenezwa kwa dhahabu ya Kilwa. Ukibanwa na muda hadi ubaki na saa mbili tu, nenda kakione hicho. Tramu iache ipite.

Saa ninazotaja ni za Kiswahili: saa tatu asubuhi kwenye tiketi itaandikwa 09:00. Ureno iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili kipindi cha joto na saa tatu kipindi cha baridi. Bei ni za kukadiria, maana hupanda karibu kila mwaka.

Karatasi kabla ya tiketi

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya muda mfupi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Pamoja na barua ya kazi na taarifa za benki, utahitaji bima ya safari inayolipia matibabu hadi angalau euro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala panapojulikana. Unaomba katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo Mtanzania anayefanya kazi Muscat anaomba Oman, halazimiki kurudi nyumbani.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uswidi, haombi viza. Anabeba pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili, hata kama safari yote iko ndani ya Schengen, maana ukaguzi wa ghafla upo.

Wanaonaswa zaidi ni wa Uingereza. Ukiwa London kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata uwe na ukaazi wa kudumu, bado unahitaji viza ya Schengen. Watu huona tiketi ya pauni 40, wakanunua usiku ule ule, halafu ndio wanaanza kuulizana kwenye kundi la WhatsApp. Viza kwanza.

Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso mpakani kwa wageni wa muda mfupi wasio wa Umoja wa Ulaya. Mara ya kwanza huchukua muda, kwa hiyo usipange miadi yoyote ndani ya saa mbili baada ya kutua.

Wakati wa kwenda na mahali pa kulala

Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Agosti kuna joto na msongamano, na Novemba hadi Februari mvua hunyesha kwa siku kadhaa mfululizo. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio: mitaa ya Alfama hujaa moshi wa samaki wa kuchoma na watu hucheza hadi alfajiri. Ukiipenda shamrashamra, hiyo ndiyo wikendi yako. Ukitaka kulala, iepuke kabisa.

Lisbon ni mji wa vilima, na uchaguzi wa chumba ni uchaguzi wa ngazi utakazopanda. Baixa ni tambarare na karibu na kila kitu, ila ghali. Alfama inapendeza pichani, lakini gari haliingii vichochoro vyake vingi, na kuburuta begi la magurudumu juu ya ngazi za mawe usiku ni adhabu. Bairro Alto ni mtaa wa baa, kwa hiyo kelele hadi usiku wa manane. Mimi ningelala Anjos au Intendente: bei nafuu zaidi, metro ya mstari wa kijani iko mlangoni, na vyakula vya halali viko hatua chache. Si mitaa ya kuvutia sana, na baadhi ya kona zake zimechakaa, lakini chumba cha wikendi ni cha kulala tu.

Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya watalii ya euro 4 kwa mtu kwa usiku, kwa kila aliyetimiza miaka 13. Wakati mwingine hudaiwa pale kaunta, kwa hiyo usidhani unaibiwa.

Viatu nitavitaja mara moja tu, ila nisikilize. Njia za miguu za Lisbon zimetandazwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyolainishwa na karne za nyayo. Vikilowa vinateleza kama sabuni. Vaa raba zenye soli inayoshika. Viatu vya ngozi vya harusini vibaki nyumbani.

Ijumaa mchana: kutoka uwanja wa ndege hadi Carmo

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji. Metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo hapo. Panda hadi Alameda, badili mstari wa kijani kuelekea Cais do Sodré, na utapita Anjos, Intendente, Martim Moniz, Rossio na Baixa-Chiado kwa mpangilio huo. Jumla ni karibu nusu saa. Programu ya Bolt unayotumia Dar au Nairobi inafanya kazi hapa pia, nayo inafaa ukiwa na watoto au ukitua usiku mno, kwani metro hulala saa saba usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kwenye mashine nunua kadi iitwayo Navegante, senti 50. Kila mtu ya kwake, hata mume na mke, maana kadi moja haipitishi watu wawili. Kuna njia mbili za kuijaza: tiketi ya saa 24, karibu euro 7, au salio la fedha linalokatwa kila unapogusa geti, ambalo wao huliita zapping. Kwa wikendi hii nakushauri salio. Utatembea kwa miguu zaidi ya unavyodhani, na salio hilo hilo linakubalika kwenye metro, tramu, basi, treni ya mtaa wa Belém na feri ya kuvuka mto. Anza na euro 10.

Weka mzigo chumbani, kisha shuka Baixa-Chiado na kwenda moja kwa moja Carmo kabla hawajafunga. Convento do Carmo ilianzishwa mwaka 1389. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa imewaka, ardhi ikatetemeka. Baadaye maji ya mto yakaja juu, na moto ukala mji kwa siku kadhaa. Paa la Carmo likaanguka na halikurudishwa tena. Leo unaingia ndani ya kanisa, unatazama juu, unaona mbavu za mawe za matao na mbingu tupu katikati. Hakuna jengo lingine Lisbon linaloeleza tetemeko lile kwa haraka hivyo.

Uwanja mdogo wa nje, Largo do Carmo, una historia yake pia. Tarehe 25 Aprili 1974 Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijificha katika kambi ya askari iliyopo hapo, akazingirwa na jeshi lililoasi pamoja na maelfu ya raia, na jioni akasalimu amri. Udikteta ukaisha, na Msumbiji, jirani yetu wa kusini, ikapata uhuru mwaka uliofuata.

Kutoka hapo teremka Baixa. Mitaa yake imenyooka kwa sababu yote ilijengwa upya baada ya 1755 chini ya waziri ambaye historia inamjua kama Marquês de Pombal. Ndani ya kuta za majengo yale kumefichwa fremu za mbao zilizopishana, ili jengo liyumbe bila kuanguka tetemeko likirudi. Fuata Rua Augusta hadi mwisho, pita chini ya tao, utokee Praça do Comércio, uwanja mpana unaotazama mto Tejo. Ikulu ya wafalme ilikuwa hapo hadi tetemeko lilipoifuta. Kwenye uwanja huo huo mfalme Carlos na mwanawe mrithi walipigwa risasi tarehe 1 Februari 1908, na baada ya miaka miwili ufalme wenyewe ukaanguka.

Vijana watakaokusogelea Baixa wakikunong'onezea kuhusu bangi au hashishi wanauza majani ya bay na takataka nyingine. Usijibu, endelea kutembea.

Jioni nenda Rossio na uingie kanisa la São Domingos, kando ya uwanja. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa zikiwa na makovu ya moto. Nje, uwanjani, utakuta Waafrika wamekaa vikundi vikundi wakizungumza, wengi kutoka Guinea-Bissau, na wamama wakiuza karanga na vitu vya nyumbani. Hapo ndipo pia mwaka 1506 mauaji makubwa ya Wayahudi yalipoanzia, na jiwe la kumbukumbu lipo. Kisha tembea dakika tano hadi Martim Moniz na mtaa wa Mouraria, ambako Waislamu wa Lisbon walihamishiwa baada ya mji kutekwa mwaka 1147. Leo Rua do Benformoso imejaa maduka na mikahawa ya Wabangladeshi, Wapakistani na Wahindi. Chakula cha jioni cha halali kiko hapo, na bei haiumizi.

Jumamosi: Belém, kisha Kilwa

Amka mapema. Siku hii ndiyo iliyokuleta.

Kutoka Cais do Sodré panda treni ya mstari wa Cascais, ile inayosimama kila kituo, maana ya haraka inapita Belém bila kusimama. Safari ni dakika saba hivi. Tramu namba 15 pia inafika, ila Jumamosi husongamana na ni mahali wanapopapenda wezi wa mifukoni. Kwenye saa tatu na robo uwe umesimama mbele ya monasteri ya Jerónimos, na tiketi yako yenye saa maalumu umeinunua mtandaoni siku kadhaa kabla. Bei ni karibu euro 18. Foleni ni mbili, ya ua wa ndani na ya kanisa, na watu husimama kwenye isiyo yao. Kanisa lenyewe huingiwa bure.

Ujenzi ulianza 1501 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha zikatoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya viungo na bidhaa zilizoletwa kutoka Afrika na Mashariki. Usikimbilie kupiga picha ya jumla. Simama karibu na nguzo moja ya ua wa ndani, utazame mchongo: kamba za merikebu zimesokotwa kwenye jiwe, kuna majani, wanyama wa ajabu, na tufe la pete ambalo wanamaji walilitumia kusomea nyota. Asubuhi jua huingia kwa pembeni na jiwe la chokaa hugeuka rangi ya asali. Panda ghorofa ya juu ukatazame ua wote kwa chini, kisha shuka kanisani.

Unapoingia kanisani, kushoto chini ya roshani ya waimbaji kuna kaburi la Vasco da Gama. Kulia amelala mshairi Luís de Camões. Da Gama alifariki Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliwekwa hapa katika karne ya 19. Sanamu yake ya jiwe imelala chali, mikono imekutanishwa kama anayesali, na ubavuni mwa jeneza kumechongwa merikebu. Watalii wengi hugusa, hupiga picha, hupita. Mtu wa pwani atasimama kidogo zaidi. Huyu aliondoka mahali hapa Julai 1497, akafika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498 na kupokelewa kwa mashaka, akasonga hadi Malindi wiki moja baadaye, akapewa mwanamaji wa kumvusha hadi India. Safari yake ya pili ndiyo itakayokupeleka makumbusho mchana.

Ukitoka, vikeki. Duka la Pastéis de Belém linauza tangu 1837, kwa mapishi yaliyotoka monasterini baada ya serikali kufunga nyumba za watawa mwaka 1834. Foleni ya nje ni ya kubeba. Ukitaka kukaa, ingia ndani kabisa, vyumba ni vingi na meza hupatikana upesi. Kikeki kinakuja kikiwa cha moto, ganda limepasuka tabaka tabaka, kastadi imeungua madoa meusi juu. Nyunyizia mdalasini kabla ya sukari ya unga, na ule viwili, kimoja hakitoshi. Maduka mengine ya mjini yanaweza kutumia mafuta ya nguruwe kwenye unga, kwa hiyo kwa asiyekula uliza: «Tem banha?» Watakujibu bila kukasirika.

Vuka barabara kwa njia ya chini hadi ukingoni mwa mto. Mnara wa jiwe wenye wanamaji waliopangwa kama wanapanda merikebu, Padrão dos Descobrimentos, ni wa mwaka 1960, enzi za dikteta Salazar, na unasoma historia kama Salazar alivyotaka isomwe: mashujaa tu, hakuna mtu mwingine. Kilicho cha maana zaidi ni kilicho chini ya miguu, ramani kubwa ya dunia ya marumaru yenye miaka na merikebu. Itafute pwani yetu. Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519, uko mwendo wa robo saa upande wa magharibi. Ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, kwa hiyo angalia tovuti yake. Hata ukiwa wazi, mimi ningeutazama kwa nje tu. Ndani ni ngazi nyembamba na kusubiriana.

Sasa usirudi mjini moja kwa moja. Panda tramu 15, shuka Cais Rocha, panda ngazi hadi Rua das Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ukifika saa tisa alasiri una saa tatu kabla ya kufungwa. Makumbusho mengi ya Lisbon yamekuwa kwenye ukarabati miaka ya karibuni, kwa hiyo kabla ya kulipia ndege hakikisha sehemu ya vito na dhahabu iko wazi. Ukifika, muulize mhudumu «Custódia de Belém».

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hutumia kuonyesha Ekaristi, mkate mtakatifu, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka pale panapowekwa mkate huo, kila mmoja na sura yake na rangi zake za enameli. Juu yao kumeinuka minara midogo ya dhahabu, myembamba hadi unashangaa haijapinda. Kwenye shina kuna matufe ya pete, alama ya mfalme Manuel. Inama sasa, usome kitako. Maandishi yanayozunguka ukingo wa chini yanasema mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Fundi anayetajwa ni Gil Vicente.

Habari yenyewe ni hii. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa kusimamia biashara ya dhahabu iliyotoka bara, ng'ambo ya Zambezi, ikashuka hadi bandari ya Sofala na kupanda pwani kwa majahazi. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 akausifu. Julai 1502 da Gama alirudi na kundi la merikebu zenye mizinga, akatia nanga mbele ya mji, akamtaka mtawala Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, la sivyo angeupiga mji. Kodi iliyotolewa inatajwa kuwa mithqali 1,500 za dhahabu (mithqali ni kipimo cha kale cha uzito). Da Gama aliifikisha Lisbon 1503, mfalme akampa fundi, na mwaka 1505, kabla kazi haijakamilika, kundi jingine chini ya Francisco de Almeida likaipora Kilwa na kuichoma Mombasa.

Kibao cha maelezo ni kifupi, na watu wengi husimama hapo chini ya dakika moja, wakasifu ufundi, wakaenda kutazama michoro. Wewe chukua muda. Aliyewahi kutembea magofu ya Husuni Kubwa au msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani atakuwa ameona mji uliobaki bila mali yake. Sehemu ya mali iko hapa, kwenye kioo. Ukiwa na watoto, hapa ndipo pa kuwasimulia. Wakichoka, ghorofa nyingine ina michoro ya skrini za Kijapani inayoonyesha Wareno wakishuka merikebuni na pua ndefu na suruali zilizovimba kama mapovu, na watoto huicheka sana.

Kurudi, kama miguu inaruhusu, tembea kuelekea mashariki hadi Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 mfalme yule yule Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa, na jina la mtaa limebaki. Leo kuna mikahawa ya kahawa ya bei mbaya. Keti, kunywa moja.

Jumapili: anza juu, teremka

Siri ya Alfama ni kupandishwa na kushuka kwa miguu. Saa mbili na nusu asubuhi uwe Martim Moniz, mwanzo wa tramu 28. Muda huo foleni ni fupi. Baada ya saa nne inazunguka uwanja. Begi liweke mbele, simu mfuko wa ndani. Shuka Graça, tembea hadi Miradouro da Senhora do Monte, sehemu ya juu kuliko zote za kutazamia mji. Ngome, mto, daraja jekundu na paa zote za matofali ya udongo ziko mbele yako, na asubuhi jua liko mgongoni, picha zinatoka vizuri.

Tramu ndogo za kupanda mlima kwa kamba ni habari nyingine. Ile ya Glória iliacha njia tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafa, na nyingine zikasimamishwa. Usizitegemee kwenye ratiba. Lifti ya Santa Justa nayo, hata ikiwa inafanya kazi, ni kusubiri saa nzima kwa safari ya dakika moja. Kwa kupanda ngome kutoka Baixa kuna lifti ya bure ya manispaa ndani ya jengo, Rua dos Fanqueiros, ambayo wageni wengi huipita bila kujua.

Ngome ya São Jorge hufunguliwa saa tatu. Waislamu waliutawala mji huu kwa zaidi ya karne nne, hadi Oktoba 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliokuwa njiani kwenda Yerusalemu. Ndani kuna kuta, tausi na mandhari. Kiingilio ni zaidi ya euro 15, na nikisema kweli, baada ya Senhora do Monte mandhari hayakuongezei mengi. Mpenda historia aingie. Mwingine ateremke tu.

Mteremko ni Portas do Sol, kisha Santa Luzia hatua chache mbele. Ukutani hapo kuna picha ya vigae vya bluu inayoonyesha uwanja wa Praça do Comércio kabla ya tetemeko. Umeuona Ijumaa, sasa linganisha. Kutoka hapo ingia Alfama na uzime ramani. Mtaa huu umekaa juu ya mwamba, ndiyo maana ulistahimili mwaka 1755 kuliko Baixa. Vichochoro vinapinda, nguo zinaning'inia dirishani, bibi kizee anauza kinywaji cha cheri mlangoni kwake, na mtu aliyezoea Mji Mkongwe atatembea bila wasiwasi wa kupotea. Ukiteremka tu, utafika mtoni.

Alasiri, Cais do Sodré tena, lakini sasa feri ya Cacilhas. Dakika kumi, nauli ndogo inayokatwa kwenye salio lako, na ndiyo safari ya majini ya bei poa kuliko zote: mji mzima unaonekana umepangwa juu ya vilima. Meli za kitalii hutoza mara kumi kwa mto ule ule.

Kula bila kushangazwa na bili

Ukikaa mezani utaletewa mkate, zeituni, pengine jibini, bila kuagiza. Si zawadi. Ukila utalipa, usipotaka sema «não, obrigado», mwanamke aseme «obrigada», na wataondoa. Mchana tafuta mkahawa mdogo wenye karatasi ya «prato do dia» mlangoni: sahani moja ya siku, mara nyingi chini ya euro 15, na huko ndiko wenyeji wanakula. Samaki na pweza wa kuchoma ni salama kwa karibu kila mtu. Supu ya kijani, caldo verde, huja na kipande cha soseji ya nguruwe, na mkate wa bifana ni nguruwe mtupu. Kuku wa kuchoma na pilipili yuko kila mtaa. Kwenye kioo cha mikahawa utaona sambusa, wao huandika «chamuças», zilizofika hapa na watu wa Goa na Msumbiji. Maji ya bomba ni salama.

Anayehitaji msikiti, Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Waismaili wana kituo kikubwa mjini, na makao ya Imamu wao yako Lisbon. Aga Khan wa Nne, aliyekuwa Imamu huyo na ambaye jina lake liko kwenye hospitali za Nairobi na Dar, alifariki hapa Februari 2025.

Muziki wa fado usikilize Jumamosi usiku Alfama. Uliza kabla ya kukaa kiwango cha chini cha matumizi ni kiasi gani, na taa zikizimwa mwimbaji akisimama, nyamaza. Hata mhudumu husimama na sahani mkononi.

Sintra na majumba yake ya kifalme wataitaja wote. Treni ni dakika 40 kutoka Rossio na pia ni pazuri. Kwa siku mbili na nusu, iache. Ukiwa na Jumatatu ya ziada, nenda siku hiyo, kwani majumba ya Sintra hayafuati ratiba ya makumbusho ya Lisbon.

Kuondoka

Rudi uwanjani kwa metro ile ile. Inakufikisha jengo la kwanza. Mashirika mengi ya bei nafuu huondokea jengo la pili, na huko unaenda kwa basi dogo la bure, kwa hiyo ongeza dakika 20. Anayerudi Uingereza au moja kwa moja nje ya Schengen atapita ukaguzi wa pasipoti baada ya ule wa mizigo: saa tatu kabla si nyingi Jumapili jioni. Kula mjini, maana jengo la pili halina la maana. Mafuta ya zeituni yakizidi mililita 100 yatabaki kwa askari, yatie kwenye begi la chini. Vikeki vya kastadi vinapita, ila omba sanduku gumu la karatasi, la sivyo utafika na makombo.